Upeo wa Macho Nao ni Mali ya Umma

Visiwa vyetu havina dhahabu wala almasi. Neema zake ni bahari, karafuu, watu wake, na mandhari ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia kuwa ya kupendeza. Juu ya bahari tumeweka sheria, juu ya karafuu tumeweka sheria, na juu ya haki za watu wetu tumeweka Katiba. Lakini mandhari, ambayo ndiyo inayowavuta wageni kwa maelfu na kuwapatia vijana wetu ajira, tumezoea kuisifu tu kana kwamba inajilinda yenyewe. Tunalinda majengo ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tunalinda matumbawe na misitu. Kilichosahauliwa ni hewa, ambayo jicho hulazimika kuipenya kabla ya kuvifikia vitu vyote hivyo.

Wakaazi wa pwani ya magharibi ya Pemba wanalijua jambo tunalotaka kulizungumza leo. Zipo siku, hasa asubuhi baada ya mvua kubwa kuiosha hewa, ambapo milima ya Usambara hujitokeza ng'ambo ya mkondo, zaidi ya kilomita 100 kutoka walipo. Zipo siku nyingine ambapo jua linawaka na mbingu haina wingu, lakini upande wote wa mrima ni weupe mtupu, na mgeni angeweza kuapa kuwa huko hakuna nchi. Mlima haukuhama wala bahari haikupanuka. Umbo la dunia nalo si kizuizi, kwani kilele chenye urefu wa mita 1,500 huweza kuonekana na mtu aliyesimama ufukweni hata umbali wa kilomita 140, na vilele vya Usambara ya magharibi vinapindukia mita 2,200. Kilichobadilika ni hewa iliyo baina ya jicho na mlima.

Tunaamini kwamba jambo hili linastahili kufikiriwa na wananchi pamoja na viongozi wa Serikali, kwa sababu mabadiliko hayo ya hewa si kudra peke yake. Sehemu yake moja ni kazi ya maumbile. Sehemu nyingine ni kazi ya mikono ya binadamu, na kilichofanywa na mikono, mikono inaweza kukiacha.

UKUNGU SI UTUSITUSI

Kwanza yafaa tutenganishe mambo ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Wataalamu wa hali ya hewa huita ukungu ile hali ya matone madogo ya maji kujaa hewani hata mtu asiweze kuona mbele zaidi ya kilomita 1. Ukungu wa namna hiyo ni wa maji, na jua likipanda huondoka. Utusitusi ni kitu kingine. Huo hufanywa na chembechembe kavu za vumbi, moshi, masizi na chumvi, ndogo mno hata jicho haliwezi kuiona moja moja, lakini kwa wingi wake huipaka hewa rangi ya maziwa. Utusitusi hauondoki kwa sababu tu jua limepanda. Unaweza kukaa siku kadhaa, mpaka upepo mwingine uuchukue au mvua iuteremshe.

Jinsi chembe hizo zinavyouficha mlima si kama watu wengi wanavyodhani. Hudhaniwa kuwa chembe huziba kama ukuta unavyoziba. Kwa kweli mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, sehemu ya mwanga unaotoka mlimani kuja jichoni hupotea njiani, ama kwa kutawanywa pembeni na chembe, ama kwa kumezwa na masizi. La pili, ambalo ndilo kubwa, mwanga wa jua huzipiga chembe zote zilizomo baina ya jicho na mlima, nazo huurusha mwanga huo kwenye jicho la mtazamaji. Hivyo nafasi yote ya katikati hugeuka pazia jeupe lenye kung'aa. Mlima, ambao kwa asili yake ni mweusi kuliko mbingu, huanza kung'arishwa na pazia hilo, mpaka weupe wake ukalingana na weupe wa mbingu iliyo nyuma yake. Hapo hutoweka. Mlima unaopotea mchana haupotei gizani. Unapotea katika mwanga.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1871 mwanasayansi wa Kiingereza aliyejulikana kwa jina la Lord Rayleigh alieleza kwamba hata hewa isiyo na uchafu wowote hutawanya mwanga, na kwamba hutawanya buluu kupita nyekundu kwa kiasi cha mara tano au sita. Ndiyo maana mbingu ni buluu, na ndiyo maana milima ya mbali, siku ya hewa safi, huonekana kuwa ya samawati. Mwaka 1908 Mjerumani Gustav Mie alionyesha hesabu ya chembe zilizo kubwa zaidi, zinazokaribia urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, yaani sehemu ndogo ya elfu ya milimita. Chembe za kipimo hicho ndizo hodari kupita zote katika kuutawanya mwanga, nazo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa, ndipo mbingu ya buluu ikageuka nyeupe. Kisha mwaka 1924 Mjerumani mwingine, Harald Koschmieder, aliunganisha kiasi cha utawanyaji huo na masafa ambayo jicho linaweza kufika.

KANZU NYEUPE NA DOA

Kutokana na hesabu hizo tunapata kipimo ambacho kila kiongozi anaweza kukielewa. Hewa isiyo na chembe hata moja, katika usawa wa bahari, humruhusu mtu kuona kitu kikubwa cheusi kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 300. Huo ndio ukomo. Tuseme basi mlima uko kilomita 100 kutoka kwa mtazamaji. Upeo wa macho ukiwa kilomita 300, mlima ule hubaki na zaidi ya robo ya tofauti yake na mbingu, nao huonekana wazi pamoja na mabonde yake. Upeo ukipungua hadi kilomita 100, hubakia tofauti ya 2 tu katika kila 100, na mlima huwa kama kivuli ambacho wawili hukibishania kama kipo au hakipo. Upeo ukishuka hadi kilomita 50, tofauti iliyosalia haifiki hata sehemu 1 katika kila 1,000, na hapana jicho la mwanadamu linaloweza kuipambanua.

Tena upo undani mmoja ambao tungependa wahusika wauzingatie sana. Hasara kubwa hufanywa na uchafu wa mwanzo. Katika hewa iliyo safi kabisa, kuongezeka kwa maikrogramu 1 tu ya chembe nyembamba katika kila mita ya ujazo ya hewa huweza kuukata upeo wa macho kwa makumi ya kilomita. Katika mji uliokwisha kujaa moshi, maikrogramu hiyohiyo haitambuliwi na mtu. Doa huonekana kwenye kanzu nyeupe, si kwenye gunia la makaa. Maana yake ni kwamba mahali penye hewa safi ndipo penye mengi ya kupoteza, na ndipo hasara huingia mapema, kabla ya mtu yeyote kukohoa na kabla ya ofisi yoyote kupokea malalamiko. Atakayengoja mpaka hewa ya visiwa iwe chafu kama ya miji mikubwa ya dunia ndipo achukue hatua, atakuwa amengoja mpaka kilichokuwa kinalindwa kimekwisha.

Visiwa vinao udhaifu mwingine pia, nao ni unyevunyevu. Chembe za chumvi ya bahari, na chembe za salfeti zitokazo katika moshi wa mafuta na makaa ya mawe, zina tabia ya kunywa maji yaliyomo hewani. Unyevunyevu ukipita asilimia 80 huvimba, na ukifika asilimia 90 chembe ileile huweza kutawanya mwanga mara kadhaa kuliko ilivyokuwa ikavu. Kwa hiyo moshi ambao kule Dodoma ungefifisha kilima kidogo tu, hapa kwetu, katika hewa ya bahari, huvaa maji ukawa pazia. Kipimo cha uchafu kinachoweza kuvumiliwa bara hakitufai sisi bila ya kufikiriwa upya.

JUA NALO LINA NENO LAKE

Mwanga wenyewe una sehemu yake katika jambo hili, na asiyeijua anaweza kutoa hukumu isiyo ya haki. Chembe nyembamba hurusha mwanga mwingi kwenda mbele kuliko kuurudisha nyuma. Kwa hiyo mtu akitazama upande liliko jua, utusitusi humng'aria usoni; akitazama upande mwingine, jua likiwa mgongoni mwake, hewa ileile humwonekea safi. Ndiyo sababu mtu aliyesimama Forodhani asubuhi huuona upande wa mrima vizuri zaidi kuliko alasiri, jua linapokuwa limeinamia magharibi, hata kama hewa haikubadilika tangu alfajiri. Manahodha wetu wa zamani hawakuhitaji kitabu kuwafundisha hayo. Walijua saa ya kuitafuta nchi kwa jicho na saa ya kutoliamini jicho.

Kuhusu machweo, ambayo ni sehemu ya biashara yetu ya utalii, inasemwa mara nyingi kwamba moshi huyapendezesha. Hiyo ni kauli ya kurekebishwa. Wekundu wa jioni hutokana na safari ndefu ya mwanga katika hewa, ambapo buluu hutawanywa njiani na nyekundu ikasalia. Kazi hiyo hewa safi inaiweza yenyewe, na huifanya kwa rangi zilizo kali na zilizotengana. Utusitusi mzito ulio karibu na bahari huzichanganya rangi hizo na kuzififisha, jua likawa kama sahani ya shaba iliyochakaa, likazama katika weupe kabla ya kuufikia mstari wa bahari. Wageni waliosafiri maelfu ya kilomita kuja kulitazama jua likizama baharini hawatarudi kulitazama likizama katika moshi.

PEPO HAZINA MIPAKA

Sasa tujiulize utusitusi unatoka wapi. Sehemu moja ni chumvi inayopeperushwa na mawimbi, hasa wakati wa kusi kali, na hiyo haina wa kulaumiwa. Lakini katika miezi hiyohiyo ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, nyika na mashamba ya Afrika iliyo kusini ya ikweta huchomwa moto kwa eneo kubwa kupita sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2000 wataalamu wa mataifa mbalimbali waliokusanyika katika utafiti ulioitwa SAFARI 2000 waliushuhudia mwezi wa Septemba moshi wa mioto hiyo ukitiririka kama mto kuvuka kusini mwa bara na kuingia katika Bahari ya Hindi. Kwetu sisi kusi hutoka bahari kuu na husaidia kuisafisha hewa, lakini pepo za usiku zinazovuma kutoka nchi kavu huweza kuusukuma moshi wa mrima juu ya mkondo, na asubuhi ukakutwa umetanda majini.

Wakati wa kaskazi mambo ni mengine. Upepo uliowaleta mababu zetu wa majahazi kutoka Bara Hindi, Uajemi na Arabuni hupita juu ya nchi zenye mamilioni ya majiko, viwanda na magari. Katika miezi ya Januari hadi Machi mwaka 1999, watafiti wa INDOEX, wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen, waliipima hewa ya Bahari ya Hindi kwa ndege, meli na kituo kilichowekwa katika kisiwa kidogo cha Kaashidhoo huko Maldives. Walikuta utusitusi wa rangi ya kahawia, wenye kina cha hadi kilomita 3, umeenea juu ya mamilioni ya kilomita za mraba za bahari, ukishuka mpaka kwenye ukanda wa mvua ulio kusini kidogo ya ikweta. Ndani yake mlikuwamo masizi ya kuni, samadi, makaa na mafuta. Watu wa Maldives, ambao hawana viwanda vya kusemwa, walikuwa wakiishi chini ya moshi wa wenzao. Hawakukaa kimya. Mwaka 1998, hata kabla ya utafiti huo kukamilika, ulikuwa ni mji wao wa Malé ambamo nchi za Asia ya Kusini zilitoa Azimio la kushirikiana katika kuuzuia uchafu wa hewa unaovuka mipaka. Hili ni somo kwa visiwa vidogo: udogo wa nchi hauizuii kuwa mwenyeji wa hoja kubwa.

Visiwa vingine navyo vimeonja. Huko Barbados vumbi la Sahara limekuwa likipimwa tangu mwaka 1965. Mwezi wa Februari 2020 vumbi hilohilo lilifunga viwanja vya ndege vya Visiwa vya Canary, kwa sababu marubani hawakuweza kuona. Singapore iligubikwa na moshi wa misitu na ardhi ya mboji iliyochomwa Indonesia mwaka 1997, ikagubikwa tena mwaka 2013 na 2015. Nchi za eneo lile zilitia saini mkataba juu ya moshi unaovuka mipaka mwaka 2002, na Indonesia yenyewe haikuuridhia mpaka mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2014 Singapore ilitunga sheria inayoruhusu kuishitaki kampuni yoyote inayosababisha moshi huo, hata kama moto umewashwa nje ya nchi. Kutia saini ni mwanzo tu. Miaka 12 ilipita baina ya kalamu na utekelezaji, na moshi haukungoja.

SHERIA INAWEZA KUURUDISHA MLIMA

Wapo watakaosema kwamba kuitungia sheria mandhari ni anasa ya matajiri. Tuwajibu kwa mfano wa nchi iliyofanya hivyo. Mwaka 1977 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria ya hewa safi na kutamka kwamba ni shabaha ya taifa kuzuia na kuondoa utusitusi uliosababishwa na binadamu katika mbuga na hifadhi kubwa za nchi, ambazo idadi yake ni 156. Wakati huo, katika mbuga za mashariki, upeo wa macho ambao kwa asili ungekuwa kiasi cha kilomita 145 ulikuwa umeshuka hadi baina ya kilomita 24 na 40. Waliohusika zaidi walikuwa vinu vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe, ambavyo gesi yake ya salfa hugeuka chembe za salfeti hewani. Mashariki kuna unyevunyevu mwingi kuliko magharibi, na chembe hizo zilifanya kule kile ambacho zingeweza kufanya hapa.

Mfano mashuhuri ni korongo la Grand Canyon, ambalo watu hulitazama kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, masafa ya kilomita 16 hivi. Kinu kikubwa cha umeme cha Navajo kilikuwa hakiko mbali na mpaka wa mbuga hiyo. Baada ya uchunguzi na mabishano marefu, Serikali iliagiza mwaka 1991 kwamba gesi ya salfa ya kinu hicho ipunguzwe kwa asilimia 90, na mitambo ya kuisafisha ikafungwa kabla ya mwaka 2000. Kinu chenyewe kilizimwa mwezi wa Novemba 2019. Kanuni iliyotolewa mwaka 1999 iliyataka majimbo yote yapange hatua kwa hatua namna ya kuirudisha hewa ya mbuga katika hali ya asili ifikapo mwaka 2064. Gesi ya salfa itokayo katika vinu vya umeme vya nchi ile imepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1990, na upeo wa macho katika mbuga za mashariki umerefuka. Hatulitaji jambo hili ili kuisifu Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa imeichafua hewa hiyo tangu mwanzo. Tunalitaja kwa sababu linathibitisha kwamba mlima uliopotea unaweza kurudi.

Dunia ilipewa ushahidi mwingine bila ya kuutafuta. Mwanzoni mwa Aprili 2020, India iliposimamisha shughuli zake kwa sababu ya maradhi ya UVIKO, watu wa mji wa Jalandhar walipanda juu ya mapaa ya nyumba zao wakaiona milima ya Dhauladhar, iliyo karibu kilomita 200, ambayo wengi wao hawakupata kuiona kwa miaka ipatayo 30. Vijana waliokulia mjini humo walikuwa hawajui kwamba wana milima.

Ama kuhusu anasa, chembe zinazouficha mlima ndizo zilezile zinazoingia ndani kabisa ya mapafu na kupenya katika damu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilikishusha kiwango cha chembe nyembamba kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo. Mama anayepikia makaa katika jiko lisilo na dirisha, na mgeni anayeulizia mlima uko wapi, wanasumbuliwa na kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mama hana mlango wa kukimbilia. Kwa hiyo mlima usioonekana tuuchukue kama bendera ya hatari iliyopandishwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona.

YA KUFANYWA

Lipi basi lifanywe? Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza ni kipimo. Vituo vya hali ya hewa katika viwanja vyetu vya ndege huandika masafa ya kuona kila siku, na kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini taarifa zinazoandikwa kwa ajili ya marubani huishia kilomita 10. Masafa yote yaliyozidi hapo huandikwa kwa alama moja tu ya 9999. Kwa rubani anayetaka kutua hiyo inatosha. Kwa kisiwa kinachotaka kujua kama upeo wake umeshuka kutoka kilomita 120 hadi 30, haitoshi hata kidogo, kwani siku hizo mbili zimeandikwa sawasawa. Tunaiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, iweke kamera mahali palepale na kupiga picha saa zilezile kila siku, asubuhi na alasiri, ya alama ambazo umbali wake unajulikana: kutoka Mji Mkongwe zitazamwe Changuu, Chumbe na mrima, kutoka Wete na Ras Kigomasha itazamwe milima ya Usambara. Pembeni ya kamera viwekwe vyombo vya kupima chembe na unyevunyevu, ili ya chumvi yajulikane na ya moshi yajulikane. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ile ya kujenga hata chumba kimoja cha hoteli ya kitalii. Kazi ya kuandika daftari inaweza kupewa skuli zetu, na wanafunzi watajifunza hesabu na jiografia kwa pamoja.

La pili ni kufagia mlangoni petu kabla ya kumnyooshea kidole jirani. Majaa ya taka yanayochomwa moto karibu na makaazi, plastiki ikiwamo; tanuri za chokaa zinazochomwa kwa magogo; tanuri za makaa; magari yanayotoa moshi mweusi njiani bila ya kuulizwa; hayo yote yamo mikononi mwetu. Hatusemi mchoma chokaa afukuzwe kazini, maana ana watoto wa kulisha, na nyumba zetu za mawe zinakihitaji chokaa chake. Tunasema asaidiwe kupata tanuri bora na mahali penye kufaa, upande ambao upepo hautaupeleka moshi mjini.

La tatu ni umeme. Visiwa vyetu hupata umeme kwa waya zilizopita chini ya bahari, na wengi wetu tunaikumbuka ile miezi ya mwaka 2008, na tena mwishoni mwa 2009 hadi mapema 2010, pale Unguja ilipokosa umeme huo na jenereta zikanguruma katika kila mtaa. Tulionja jinsi mji mdogo unavyoweza kujaza moshi wake wenyewe kwa wiki chache. Kila mpango mpya wa umeme, wa bandari au wa hoteli kubwa unaopelekwa kwa watathmini wa mazingira ulazimishwe kujibu swali moja la ziada: siku ya kaskazi tulivu, utafanya nini na upeo wa macho? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 ipo, na kuongeza swali hilo hakutahitaji kuanza safari upya.

La nne ni kuzungumza na majirani. Moto wa nyika hauzimwi kutoka Unguja. Lakini wawakilishi wetu wamo katika vikao vya Muungano na vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hoja ya moshi ina haki ya kukaa katika meza zile pamoja na hoja za ushuru na barabara. Kuhusu meli zinazopita katika mkondo, dunia imekwisha kutusaidia: tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya asilimia 0.50, badala ya asilimia 3.5 iliyokuwako. Linalobaki kwetu ni kuhakikisha kwamba wanaotia nanga katika bandari zetu wanaitii kanuni hiyo.

Tunajua kwamba Serikali ina mizigo mingi, na kwamba mwananchi anayetafuta maji na dawa hataifikiria kwanza Usambara. Hatuombi mlima utangulizwe mbele ya hospitali. Tunaomba jambo lenye gharama ndogo lifanywe wakati bado ni la gharama ndogo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na hewa haijengwi ukuta. Mtoto anayezaliwa leo Wete anayo haki ya kujua, kwa jicho lake na si kwa hadithi za babu yake, kwamba ng'ambo ya bahari ipo milima. Kama hatutaanza kuandika leo upeo wetu unafika wapi, siku ukipungua hapatakuwa na mtu mwenye ushahidi wa kuudai.